Katuni ya watoto Jumamosi: ya samaki, ya panya mpishi au ya sisimizi?

MamaNasri_Chikongola:
Habari za jioni wadau. Jumamosi hii kuna watoto wanakuja kwangu na nataka niwawekee katuni moja ya kutulia, isiyo na mapigano mengi, yenye yule mdogo ambaye hakuna anayemhesabu afu mwisho ndo anawaokoa wote. Nimebakiza tatu: Finding Nemo, Ratatouille na A Bug's Life. Bando langu linatosha kushusha moja tu. Ipi?

Fundi_Ligula:
Dada umeuliza nusu. Watoto wangapi? Umri gani? Kiingereza wanakielewa? TV yako nchi ngapi? Maana wakiwa ishirini kwenye nchi 24 wa nyuma watakuwa wanaangalia migongo ya wenzao. Na umeme ukikatika una nini?

BintiMikindani:
Finding Nemo, kwangu hakuna mjadala. Watoto wa pwani ile ni yao, bahari wanaijua, samaki wanawajua. Kuna pale mwishoni samaki wamenaswa kwenye wavu wa boti wanavutwa juu, yule mdogo ndo anawaambia wote waogelee kwenda chini kwa pamoja mpaka wavu unakatika. Mume wangu mvuvi, alikuwa amekaa pembeni anashona nyavu zake, mkono ukasimama akaangalia mpaka mwisho. Kiingereza wala hakihitajiki pale.

korosho_standadi:
A Bug's Life wakuu. Ni ya 1998 lakini haijachuja, na ndo fupi kuliko zote tatu, dakika 95. Sisimizi wanahangaika msimu mzima kukusanya chakula afu panzi wanakuja kuchukua bila jasho. Mtu wa Tandahimba au Newala haelezwi hiyo, wale panzi ndo kangomba wenyewe! Anakuja umekwama huna ada ya shule, anachukua korosho yako kwa kipimo chake na bei yake. Na yule Flik aliyekuwa anaonekana anaharibu tu kila kitu ndo anawaonesha wenzake kwamba wao ni wengi kuliko panzi.

Fundi_Ligula:
Kangomba siku hizi imepungua, kuna stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho ghalani zinauzwa kwa mnada.

korosho_standadi:
Imepungua kwako wewe wa mjini mkuu. Njoo huku msimu wa mwezi wa kumi nikutembeze.

Mwl_Newala:
Jamani tusimpeleke dada kwenye korosho. Mimi nauliza kitu kimoja, kuna mtoto yatima kati ya hao? Nemo inaanza na mama yake anaondoka pamoja na mayai yote, linabaki moja tu. Hazipiti hata dakika tano toka muvi ianze. Niliwahi kuiweka mbele ya darasa bila kuitazama kwanza, kuna binti alikuwa amemzika mama yake mwezi uliopita, akatoka nje akakaa chini ya mwembe hadi kengele. Sio muvi mbaya, naipenda sana, ila wajue watoto wako kwanza.

Mtanda_Lindi:
Mimi nimwambie dada jambo ambalo hamjaligusa, ni wapi anaipata hiyo muvi. Mwaka juzi nilikuwa na wanangu wawili na wa jirani, nikaenda kwa kijana mmoja anayeweka muvi kwenye flashi nikamwambia niwekee ile ya sisimizi, akaniuliza unataka ya kawaida au iliyotafsiriwa, mimi nikaona hiyo ndo nzuri watoto wataelewa, nikalipa. Nyumbani nikawawekea nikaingia jikoni, nasikia wanacheka nikafurahi. Baada ya muda nikaanza kusikiliza maneno. Huyo DJ hatafsiri kabisa, anatunga yake, kila yule mdogo akitokea anamwita majina ya watu wafupi, mara kibwengo, mara kipande cha mtu, na matusi ya vijiweni katikati, na ile habari nzima ya mnyonge anayesimama imegeuka kuwa ya kumcheka mnyonge. Nikazima. Lakini jirani ana kijana wake hakukua vizuri, ana miaka kumi ukimwona utasema sita, na toka siku hiyo wenzake wakamwita kipande cha mtu. Wiki nzima. Nilienda kuomba radhi kwa mama yake, akaniambia hajakasirika, lakini mtoto aliacha kuja kwangu kucheza na mpaka leo haji. Kwa hiyo shusha mwenyewe, angalia mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, ndo uwaite watoto.

BintiMikindani:
Pole sana kaka. Nimeumia kwa ajili ya huyo mtoto.

MamaNasri_Chikongola:
Asanteni wote, na kaka wa Lindi umenigusa. Niseme ukweli ambao sikuusema mwanzo. Watoto ni kumi na wanne, miaka mitano hadi kumi na moja, TV nchi 32, yatima hayupo. Ila hii shughuli ni kwa ajili ya mtoto wa marehemu kaka yangu... samahani, nimesema yatima hayupo kumbe yupo, nimezoea ni wangu. Mkono wake wa kulia ni mdogo toka kuzaliwa. Kwenye mpira hawampangi, wanamwambia akaokote mpira ukitoka. Na Nemo ana pezi moja dogo toka kuzaliwa, ndo maana nilikuwa naivuta hiyo. Naogopa pia wasije wakamwita Nemo.

Mwl_Newala:
Dada, hapo mama yake mzazi yupo?

MamaNasri_Chikongola:
Yupo, Masasi. Baba ndo hayupo.

Mwl_Newala:
Basi kwenye Nemo baba ndo anayevuka bahari nzima kumtafuta mwanae. Hilo nalo lipime.

BintiMikindani:
Wakimwita Nemo si jina la aibu, Nemo ndo shujaa!

Mtanda_Lindi:
Jina analikubali anayeitwa, sio wewe unayemwita.

Msangamkuu_kwetu:
Ndo maana mimi nasema Ratatouille. Hakuna atakayenyooshewa kidole, maana mnyonge ni panya. Panya wa Paris ana pua ya ajabu, anajua kupika kuliko wapishi wote, na watu wakimwona wanataka kumuua tu. Kuna yule mzee anayeandika habari za migahawa, roho ngumu, anaonja kijiko kimoja anamkumbuka mama yake. Nililia. Ubaya wake ni ndefu, inakaribia saa mbili.

korosho_standadi:
Panya huku kwetu ni samaki nchanga mkuu, yaani kitoweo. Mdogo wangu alivyoiona aligoma kula nyama ya panya mwezi mzima, bibi akawa anahisi anaumwa.

Fundi_Ligula:
Sio wote tunaokula.

korosho_standadi:
Sijasema wote, nimesema kwetu.

Mwl_Newala:
Mkimtaja panya shujaa basi watajieni watoto Magawa. Panya buku, amezaliwa na kufundishwa Morogoro pale chuo kikuu cha kilimo SUA na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Kilo moja na kidogo tu, akipita juu ya bomu halilipuki. Alibaini mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya mia moja, 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Amekufa Januari 2022. Malipo yake yalikuwa ndizi.

Msangamkuu_kwetu:
Na Msumbiji hapo ng'ambo ya Ruvuma panya hao walifanya kazi, mpaka 2015 nchi ikatangazwa haina mabomu ya ardhini. Shemeji yangu wa Palma anasema zamani kuna mashamba watu walikuwa hawakanyagi.

MamaNasri_Chikongola:
Hiyo ya Magawa nitawasimulia mwenyewe kabla ya muvi. Kati ya Nemo na ya panya bado moyo unagawanyika. Nitamuuliza mtoto mwenyewe kesho akitoka madrasa, nione anachagua nini.

Fundi_Ligula:
Umeme hujanijibu dada.

BintiMikindani:
Na watoto kumi na wanne watakula nini? Nina ming'oko imefika leo toka shamba, nikuletee?