Mjadala: Wageni wa starehe za usiku Tanga, tuwabane kwa bei ya viza au kwa maswali?

Mleta mada, Raskazone

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo hili bila matusi, maana linawagusa dada zetu na wadogo zetu wa hapa mjini.

Tangu Januari 2026 kila kijiwe ni kauli moja: "Nao tuwabane." Hasira hiyo naielewa. Tangazo la Marekani la Desemba 16, 2025 limesimamisha viza za matembezi, biashara na masomo kwa Watanzania. Kabla yake, Oktoba 2025, tulishaingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au hata 15,000. Ulaya nako viza ya Schengen imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hela hairudi. Wenyewe kwa wenyewe hawana shida hizo. Mwingereza anayekwenda Marekani anajaza kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA, analipa dola 40. Mmarekani anayekwenda London analipia kibali cha Uingereza, kilichopandishwa hadi pauni 16 Aprili 2025. Umoja wa Ulaya unaandaa cha kwake, ETIAS, cha euro 20, na ukikipata unakaa nacho miaka 3.

Basi wazo linalozunguka hapa Tanga ni kwamba nasi tuweke kibali cha namna hiyo, chenye ada kali, ili tuwakomoe hasa wale wanaokuja kwa ajili ya usiku: baa, klabu, pombe na wanawake. Kibali nakitaka. Ada kali siitaki, na nitaeleza kwa nini.

Mmarekani tayari analipa dola 100 za viza kuingia Tanzania, hana chaguo la dola 50 kama wengine. Je, mmeona imempunguza mtu wa starehe? Mwanamume aliyelipa ndege, hoteli ya ufukweni na bado ana hela ya kumwaga baa usiku kucha hashindwi na dola 100 nyingine. Anayeshindwa ni kijana mwenye begi mgongoni aliyetaka kuona mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, alale gesti ya Chumbageni, ale kwa mama lishe. Tukipandisha bei tutamfukuza huyo, tubaki na yule mwenye fedha, na fedha ndiyo hiyohiyo anayowanyamazishia watu.

Ninachotaka tuige kwao ni maswali. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, ina swali linalomtaka mwombaji aseme kama anakwenda kufanya ukahaba, au kama amewahi kuufanya au kutafutia watu makahaba ndani ya miaka 10 iliyopita. Binti wa Makorora anayetaka kwenda kusoma uuguzi anaulizwa hivyo. Mama mtu mzima anayetaka kumwona mjukuu wake anaulizwa hivyo. Nchi inayomuuliza mama yangu swali hilo haiwezi kushangaa nikimuuliza raia wake kama ana hukumu ya kumdhuru mtoto.

Tena majibu yapo, ni kuyasoma tu. Mwaka 2016 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa International Megan's Law. Chini yake, mtu aliyesajiliwa kwa kosa la ngono dhidi ya mtoto anawekewa maandishi ndani ya pasipoti. Anatakiwa pia kuitaarifu mamlaka siku 21 kabla ya kusafiri nje, na kipo kituo, Angel Watch, ambacho kazi yake ni kuitumia nchi anayokwenda taarifa kwamba fulani yuko njiani. Uamuzi wa kumpokea au kumrudisha ni wa nchi inayompokea. Interpol nayo ina notisi ya kijani, inayotahadharisha kuhusu mtu aliyewahi kutenda kosa na anayeweza kulirudia kwingine. Ufilipino wanazitumia taarifa hizi; watu wa namna hiyo wanarudishwa walikotoka palepale uwanja wa ndege wa Manila, hawafiki mjini.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kibali cha kabla ya safari. Viza ya mlangoni inampa afisa dakika chache, foleni ndefu nyuma ya mgeni na watoto wa wageni wengine wanalia. Kibali kinachoombwa mapema kinampa siku kadhaa za kulinganisha jina na orodha. Kenya walifanya hivyo Januari 2024: dola 30, unaomba siku kadhaa kabla, unaeleza utakapolala.

Kwa nini nasema haya nikiwa Tanga na si Dar? Kwa sababu mlango wetu ni Horohoro, mpakani na Kenya, kilomita kama 65 kutoka hapa. Upande wa pili kuna Diani, na ukipita Mombasa unaikuta Mtwapa, ambayo usiku wake kila mtu wa pwani anaujua. Utafiti wa UNICEF wa mwaka 2006 kuhusu pwani ya Kenya ulikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 waliokuwa wakiingizwa kwenye biashara ya ngono na watalii. Wasichana, wakuu, wengine wa umri wa darasa la sita. Sisi ni watu wa pwani ileile. Kenya wakikaza kwao, anayekazwa atauliza mji unaofuata ni upi.

Niweke wazi ili nisieleweke vibaya: mtu mzima aliyekuja kucheza muziki, kunywa bia na kula pweza wa kuchoma simgusi. Mwanamke mtu mzima anayeamua maisha yake simgusi pia. Hoja yangu ni watoto, na wale wanaokuja wakijua kwamba hapa hakuna atakayewauliza. Karibuni.

Mchangiaji, Ngamiani

Mkuu, unatulegeza. Heshima duniani inapatikana kwa kulipiza. Mali waliwekewa dhamana kama sisi Oktoba 2025. Wakatangaza kwamba nao Mmarekani ataweka dhamana hadi dola 10,000. Mwezi haukuisha, Marekani ikawatoa kwenye orodha. Brazil je? Waliwafutia viza Wamarekani, Wakanada na Waaustralia mwaka 2019 bila kuwadai hisani kama hiyo. Hawakurudishiwa. Aprili 2025 wakairudisha viza. Wewe unaleta habari za maswali! Mtu anayekudai dola 15,000 unamjibu kwa fomu?

Nao hao wa baa unaowahurumia, kwani wanakuja kutujengea nini? Weka dola 500, anayeweza aje.

Mchangiaji, Pangani

Mimi ni wa boti, napeleka wageni kisiwa cha Maziwe. Naunga mkono habari ya watoto asilimia mia, nina mabinti. Ila naomba mnaokaa ofisini mjue wageni wetu wanavyokuja. Wengi hawapangi. Mtu yuko Diani, amesikia Pangani kumetulia, anaamka asubuhi anataka kuja. Tayari ana kikwazo, maana ile viza ya pamoja ya Afrika Mashariki ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo, kwa hiyo lazima akate ya kwetu. Ukimwambia asubiri siku nne atabaki hukohuko, na mimi boti yangu itabaki imefungwa mtini. Huyo anayekuja kuona kasa na matumbawe hana habari na klabu.

Mchangiaji, mhudumu wa baa

Kaka mleta mada, nakushukuru umesema "mtu mzima simgusi", maana mara nyingi mjadala ukifika kwetu tunaitwa majina. Mimi nahudumia baa mwaka wa ngapi huu, nasomesha.

Nawaambia kinachotokea. Ikitangazwa vita dhidi ya starehe, msako hauanzi kwa mgeni. Unaanza kwetu. Gari linakuja, wanabebwa wasichana, hata waliovaa sare za kazi, mgeni analipa bili yake anaondoka. Asubuhi dada anatafuta hela ya kujitoa. Kwa hiyo mkileta kibali chenu kizuri, hakikisheni hakitageuka fimbo ya kutupigia sisi.

Kingine ni gesti. Kitabu cha wageni kipo mapokezi, kila mtu anakijua. Anayeandikwa ni mwenye chumba: jina, kabila au taifa, namba ya pasipoti, anakotoka, anakokwenda. Binti aliyeingia naye haandikwi. Mapokezi wanapewa chochote, wanaangalia pembeni. Akiwa na miaka 15 hakuna anayejua. Akitoka ameumizwa hakuna pa kuonyesha kwamba alikuwa pale. Huyo mgeni mtamkagua Horohoro, mtamkagua mtandaoni, lakini chumba namba fulani usiku wa manane kinakaguliwa na nani?

Mchangiaji, mzee wa Chumbageni

Wanangu, mji huu ulikuwa na madrasa kila mtaa na watu walilala mapema. Mnajadili namna nzuri ya kumpokea mlevi. Baa zifungwe saa zilizoandikwa kwenye leseni, nyumba za kulala zisipokee mtoto, na wazazi tujue watoto wetu wako wapi saa nne usiku. Hayo hayahitaji Marekani.

Mleta mada, Raskazone

Shikamoo mzee. La leseni na la nyumba za kulala naliunga mkono. Sheria zote mbili zipo tayari. Hata adhabu ipo: tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18 haimtetei mtu aliyemkuta gesti. Shida ni kumshika mgeni kabla hajapanda basi la kurudi Mombasa.

Mkuu wa Ngamiani, habari ya Mali imalizie. Oktoba waliondolewa kwenye dhamana, kweli. Desemba hiyohiyo Marekani ikawafungia mlango kabisa, na Mali nao wakajibu kwa kufunga. Sasa huko hakuna anayekwenda kwa mwenziwe. Kama lengo ni heshima ya serikali kwa serikali, sikuzuii, hilo lina watu wake. Ila usilifunge pamoja na suala la watoto wa Tanga. Dola 500 zako zitaingia Hazina na mtu mwenye hukumu ya kumnajisi mtoto ataingia nazo, tena akiwa na risiti mkononi, na akiulizwa atasema alilipa kila alichodaiwa.

Kaka wa Pangani, hilo la siku nne limenigusa zaidi ya mengine kwa sababu ni mkate wa watu. Pendekezo langu ni kutofautisha kati ya muda wa kuomba na uwezo wa kusoma orodha. Anayeomba mapema mtandaoni akaguliwe kwa utulivu. Anayejitokeza Horohoro ghafla asifukuzwe, apitishwe, ila mashine ya afisa iweze kusoma notisi za Interpol na taarifa za Angel Watch palepale, na pasipoti ifunguliwe ukurasa wa maandishi, isipigwe muhuri tu. Mteja wako wa kasa atachelewa nusu saa. Wewe nusu saa unaimudu? Ninauliza kwa dhati, maana wewe ndiye unayejua maji yanakupwa saa ngapi.

Nao wenzetu wasidhani kwamba mgeni tunayemrudisha anakwenda kupumzika. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003, PROTECT Act, inaruhusu raia wao ashtakiwe kwao kwa kumdhulumu mtoto nje ya nchi, kifungo hadi miaka 30. Kwa hiyo hata aliyekwishatoroka Tanga anaweza kufuatwa. Lakini mahakama ya kule inahitaji tarehe, mahali na shahidi.

Na hapo ndipo dada wa baa amesema kitu ambacho fomu yoyote ya mtandaoni haiwezi kukifanya. Kitabu cha gesti ndicho ushahidi. Ningependa kila anayelala chumbani aandikwe, mgeni na aliye naye, pamoja na umri na kitambulisho. Asiye na kitambulisho cha kuonyesha kwamba amefika miaka 18 asipande ngazi, na mapokezi wakimpitisha leseni ya nyumba isimame. Lakini kitabu hicho kisiwe orodha ya kukamatia watu wazima. Dada, wewe uko karibu zaidi na jambo hili kuliko sisi sote. Nani akikague ili kisigeuke ile fimbo uliyoisema?

Mchangiaji, mhudumu wa baa

Polisi wa doria hapana. Mgambo hapana kabisa. Mwenyekiti wa mtaa naye hapana, kwa sababu jina langu likifika kwake limefika kwa mama mkwe wangu.

Afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na awe mwanamke. Aje bila kutangaza, mchana, kitabu kimefungwa na kufuli si daftari la kuchana kurasa. Aangalie umri tu na namba ya pasipoti ya mgeni. Akikuta mtoto aende polisi dawati la jinsia na watoto na huyo mtoto mkononi, asiende na orodha yetu. Hiyo naikubali, na wasichana wenzangu hapa kaunta nimewasomea, wawili wamekubali, mmoja anasema kitambulisho chake cha NIDA hakijatoka mpaka leo, na ana miaka 24. Yeye atafanyaje?