Tupeane uzoefu: PDF ya tovuti kugoma kufunguka ndani ya kivinjari

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za saa hizi. Unabonyeza kiungo cha tangazo au fomu, unapata ukurasa mweupe, au faili linajipakua bila kuulizwa. Kila mwenye ujuzi aweke dalili, chanzo na dawa. Tajeni kivinjari na kifaa, maana Chrome inasoma PDF kwa PDFium, Firefox kwa PDF.js iliyoandikwa kwa JavaScript, na Safari ina mtambo wa Apple wenyewe. Hati inayofunguka vizuri kwa mmoja inaweza kuharibika kwa mwingine. Ule ushauri wa kusakinisha programu-jalizi ya Adobe Reader tuuache, Chrome iliziondoa za aina hiyo katika toleo la 45, mwaka 2015.

fundi_seva
Kabla ya kumwambia msomaji abadilishe kivinjari, iulize seva inatuma nini, kwa curl (programu ya kuandika amri kwenye terminali):

`curl -s -D - -o /dev/null https://anwani-ya-hati`

Wengi hutumia `curl -I`, lakini hiyo hutuma ombi la HEAD, na skripti nyingine hulijibu tofauti na ombi la kawaida. Amri ya hapo juu inaomba hati yenyewe na kukuonyesha heda tu, yaani maelezo ambayo seva hutanguliza kabla ya hati.

Angalia Content-Type kwanza. Inatakiwa iwe `application/pdf`. Ikiwa `application/octet-stream`, kivinjari kinaona furushi lisilojulikana na kulipakua. Kisha Content-Disposition: ikisema `attachment`, hati itapakuliwa hata kama aina yake ni sahihi. Weka `inline`.

Sasa ile ya fremu (iframe, kidirisha kinachoonyesha hati ndani ya ukurasa mwingine), ambayo huwasumbua watu siku nzima. Hati ikifunguka vizuri kwenye kichupo chake lakini ndani ya ukurasa wako unabaki mraba wa kijivu, usiguse PDF, haina kosa. Tazama X-Frame-Options. Ikiwa DENY, haiingii kwenye fremu ya mtu yeyote. Ikiwa SAMEORIGIN, inaingia kwenye kurasa za tovuti hiyo hiyo tu. Content-Security-Policy yenye `frame-ancestors` hufanya kazi ile ile. Upande wa ukurasa wako, Content-Security-Policy yenye `object-src 'none'` huua `object` na `embed`, tagi za HTML za kupachika hati, zote mbili. Iframe yenye `sandbox` (sifa ya kuibana fremu) huizuia Chrome kuwasha kisomaji chake. Na ukurasa wa https ukiita hati ya http ndani ya fremu, kivinjari hukataa. Sababu huandikwa kwenye konsoli (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa), bonyeza F12 uisome.

php_kila_siku
Niongezee kwa wanaotengeneza risiti au matokeo kwa PHP (lugha ya programu za upande wa seva). Chrome ikisema "Failed to load PDF document", pakua faili kisha:

`head -c 5 hati.pdf`

Lazima utoke `%PDF-`. Ukiona `<!DOC`, hiyo si PDF hata kidogo, ni ukurasa wa kuingia: muda wa sesheni umeisha na seva imetuma HTML yenye jina la .pdf. Ukiona `Warn` au mstari mtupu, PHP imechafua faili mwanzoni. Chanzo ni `echo` iliyosahaulika, nafasi kabla ya `<?php`, au BOM ya UTF-8 (alama iliyofichika mwanzoni mwa faili), baiti tatu EF BB BF ambazo kihariri cha maandishi hakikuonyeshi.

Kwa nini baiti tatu zilete shida? Mwishoni mwa PDF kuna jedwali la xref linalosema kila kipande kinaanzia baiti ya ngapi. Ukisukuma mwanzo kwa baiti tatu, anwani zote zinakosea. Visomaji vingine hujaribu kulijenga jedwali upya, vingine hukata tamaa. Halafu kama Content-Length (heda inayotaja ukubwa wa faili) ilihesabiwa bila zile baiti za ziada, mkia wa faili unakatwa, na jedwali liko mkiani. Angalia kwa `tail -c 20 hati.pdf`, unatakiwa kuona `%%EOF`.

Dawa: `ob_end_clean()` kabla ya heda, `exit` mara baada ya `readfile()`, na skripti zihifadhiwe UTF-8 isiyo na BOM.

bando_dogo
Mimi nawasemea wasomaji wa simu. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi, dpi 300 (nukta kwa inchi), ni pikseli 2480 kwa 3508. Ukifumuliwa kwenye kumbukumbu, baiti nne kwa pikseli, ni karibu MB 35 kwa ukurasa mmoja. Hata PDF ikiwa na MB 2 tu, simu ndogo inakwama. Tangazo la kusoma linatosha dpi 150, lipunguze kwa programu ya Ghostscript:

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf kubwa.pdf`

Kisha ipange kwa programu ya qpdf ili ukurasa wa kwanza uonekane kabla ya faili zima kufika:

`qpdf --linearize ndogo.pdf tayari.pdf`

Hiyo peke yake haitoshi. Seva lazima ikubali kutoa vipande, yaani itume `Accept-Ranges: bytes` na kujibu kwa 206, msimbo wa kutoa kipande cha faili. Na usibane PDF kwa gzip kwenye seva: PDF.js ikiona Content-Encoding ya gzip huacha kuomba vipande na kusubiri faili zima. Picha za ndani zimeshabanwa, kwa hiyo gzip haikupi faida ya maana.

safari_na_android
iPhone: PDF ndani ya iframe huonyesha ukurasa wa kwanza tu. Wasomaji wanadhani tangazo lina ukurasa mmoja na kukosa masharti yaliyo ukurasa wa tatu, jambo linaloumiza sana. Android: kwa miaka mingi Chrome ilikuwa inapakua tu, na Firefox ilipata kisomaji chake kwenye toleo la 111, mwaka 2023. Kwa hiyo usitegemee fremu kwenye simu. Weka kiungo cha kawaida na uandike pembeni: "PDF, kurasa 6, KB 400".

mpiga_chapa
Herufi kugeuka viboksi au maneno kupandana: fonti haikufungwa ndani ya faili. Fonti za kawaida za PDF ni 14 tu (familia za Helvetica, Times na Courier, pamoja na Symbol na ZapfDingbats). Nje ya hizo, kivinjari kinabahatisha mbadala. Tumia amri ya `pdffonts hati.pdf`, itaorodhesha fonti. Safu ya `emb` (imefungwa ndani au la) ikiwa `no`, rudi kwenye Word au LibreOffice uitoe upya fonti zikiwa ndani. Wanaochapa ratiba za madrasa zenye Kiarabu watazame pia safu ya `uni` (kama fonti ina ramani ya Unicode). Ikiwa `no`, maandishi yanaweza kuonekana sawa lakini ukinakili au kutafuta neno unapata takataka.

fomu_tu
Fomu ikionyesha "Please wait..." na kubaki hapo, ni XFA, aina ya zamani ya fomu za Adobe. Firefox inazisoma tangu toleo la 93, hivyo msomaji ajaribu hapo au kwa Adobe Reader ya kompyuta. Mwenye tovuti aijenge upya kama AcroForm, fomu ya kawaida ya PDF. PDF 2.0 ya mwaka 2017 iliitangaza XFA kuwa imepitwa na wakati, hakuna sababu ya kuendelea nayo.

msomaji_wa_kawaida
Upande wa mipangilio: Chrome, andika `chrome://settings/content/pdfDocuments` uchague kufungua ndani ya Chrome. Firefox, nenda General, sehemu ya Applications, PDF iwe "Open in Firefox". Ikiwa bado inapakua na una IDM (Internet Download Manager), yenyewe ndiyo inayodaka kiungo: Options, File types, futa PDF kwenye orodha.

fundi_seva
Nimesahau moja. Ukibadilisha PDF kwa jina lile lile, wasomaji wanaendelea kuona ya zamani iliyohifadhiwa kwenye kashe. Badilisha kiungo kiwe `tangazo.pdf?v=2`.