Mrejesho: Kuachana na king'amuzi cha kulipia, Moshi
Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuacha king'amuzi cha kulipia kila mwezi na kutazama kwa intaneti hapa nyumbani Pasua, nanyi mkanijibu kwa moyo, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kupima kasi ya intaneti kwanza, kwa kuwa Netflix hupendekeza Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na ule wa kuunganisha runinga na ruta kwa waya badala ya Wi-Fi, ambao ndio uliomaliza kukwama kwa katuni za watoto. Mpira wa moja kwa moja, hata hivyo, bado unakatika nyakati za jioni, na shangwe za kibanda umiza (banda la kuonyeshea mpira) cha jirani hutufikia kabla hatujaliona bao. Taarifa ya habari ya TBC1 mama anaipata kwa antena.