Naomba ushauri: ni uyoga unaoitikia mwanga, au ni waya?

Asalaam aleikum wadau. Nasimamia klabu ya sayansi ya shule ya upili hapa Lamu. Tumeotesha uyoga kwenye makumbi ya nazi, na nyuzi zake nyeupe zimeshikana kama godoro. Tunapima kama umeme wake hubadilika ukimulikwa. Mtafiti Andrew Adamatzky wa Bristol, Uingereza, amepima mipigo ya umeme kwenye uyoga, kwa hivyo si jambo la kubuni.

Tumechomeka waya mbili za fedha zilizopakwa kloridi ya fedha, tukaziunga na mita. Tukiwasha taa, namba inaruka papo hapo kwa milivolti chache, kisha inapanda polepole. Wanafunzi wanashangilia. Mimi nina wasiwasi, maana kloridi ya fedha yenyewe huitikia mwanga. Ule mruko wa ghafla naushuku ni waya. Kupanda polepole nako kwaweza kuwa joto la taa. Tulipochemsha kipande kingine kikafa, mruko ulibaki lakini kupanda kulipungua sana. Hapo nikapata matumaini kuwa kupanda kule kunatoka kwa uyoga hai.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Nizibe waya kwa utepe mweusi, au nimulike mbali nazo? LED ya buluu itapunguza joto? Nimeiwaza kwa kuwa kuvu nyingi zina vipokezi vya mwanga wa buluu. Na kizimba cha wavu wa chuma cha kuzuia kelele za stima (umeme wa nje unaovuruga mita) nikiunge vipi na ardhi? Hewa ya chumvi huku inakula viungo vya shaba upesi mno.