Muda wa kuachia mpira kwenye gemu za kikapu: kijani ni uwezo au ni intaneti?

Kona_ya_Tatu
Wakuu, naomba hili tulichambue kwa kina. Kwenye gemu nyingi za kikapu, mtupo huamuliwa na pale unapoachia kitufe. Ukiachia ndani ya kijani, yaani sehemu ya muda sahihi kwenye mita inayojaa kwenye skrini, mpira unazama. Ukiwahi au ukichelewa kidogo, unagonga ringi. Kwangu kuna matatizo mawili. La kwanza ni haki: mrushaji yuleyule, mtindo uleule wa kurusha, kwenye mazoezi kijani kinatoka mfululizo, lakini mkiingia mtandaoni unaambiwa umechelewa. La pili ni uhalisia: kijani kinaingia kila mara, hata mkono wa beki ukiwa usoni. Dawa ni kupanua dirisha la kijani, au kuondoa suala la muda kabisa na kuziachia takwimu za mchezaji ziamue?

Fremu60
Tuanze na hesabu. Gemu ikienda kwa fremu (picha moja moja za skrini) 60 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 16.7. Dirisha la kijani, yaani muda ambao ukiachia unahesabiwa sahihi, likiwa la fremu tatu ni milisekunde 50 basi. TV ambayo haijawekwa kwenye hali ya michezo inaweza kuzila zote 50 na zaidi kwa kuisafisha picha tu kabla ya kukuonyesha. Padi isiyo na waya inaongeza milisekunde chache, na safari ya kwenda seva inaongeza zake.

Ila kuchelewa kwenyewe si adui mkubwa. Kuchelewa kusikobadilika kidole hukizoea: kama ni milisekunde 80 kila mara, utajikuta unaachia mapema kwa kiasi hichohicho bila hata kufikiri. Kinachoharibu ni kuyumba. Mtupo huu milisekunde 60, unaofuata 110: tofauti hiyo peke yake ni dirisha zima, na hakuna mazoezi yanayoitibu.

Pima kabla ya kulaumu. Chukua simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, iweke ionyeshe kidole na skrini kwa pamoja, halafu bonyeza kitufe cha kurusha mara 20. Hesabu fremu za video kuanzia kitufe kinaposhuka hadi mchezaji anapoanza kujikunja. Kila moja ni milisekunde 4.2 hivi. Usiishie kwenye wastani, angalia pengo kati ya ndogo na kubwa. Fanya nje ya mtandao kwanza, kisha mtandaoni. Pengo likiwa kubwa hata nje ya mtandao, kagua TV, padi, na kama gemu inashuka chini ya fremu 60. Likikua mtandaoni tu, achana na Wi-Fi uchomeke waya wa mtandao, na hakikisha hakuna anayepakua mafaili mazito kwenye laini hiyohiyo. Foleni ndani ya ruta ni chanzo kikubwa cha kuyumba.

Asilimia_Kwanza
Mimi niingie kwenye uhalisia. Wastani wa ligi ya NBA kwa mitupo ya tatu uko karibu asilimia 36, mitupo huru karibu 78. Stephen Curry, mmoja wa warushaji bora wa tatu, msimu wa 2015-16 alifunga tatu 402 kwa asilimia 45.4, maana yake hata yeye alikosa zaidi ya nusu. Gemu inayotoa asilimia 70 kwa kila mwenye kidole chepesi haifanani na kikapu.

Lakini kuondoa muda kabisa nako sikubali. Mrushaji wa asilimia 40 akirusha mara 10, uwezekano wa kufunga mbili au chini ya hapo ni kama asilimia 17. Kukosa kwa namna hiyo ni kwa kawaida kabisa, ila ukiwa umeshika padi na huna mchango wowote, unahisi umedhulumiwa.

Kinachofaa ni muda usogeze uwezekano bila kutoa hukumu. Napendekeza asilimia hizi za mpira kuingia kwa mrushaji huyo akiwa huru: kuachia barabara 55, vizuri 45, kukosea kidogo 28, kukosea sana 8. Anayeachia barabara mara 30 kati ya 100, vizuri 35, kukosea kidogo 25 na sana 10 atatua karibu na 40. Takwimu za mchezaji zimeheshimiwa, na kidole kimelipwa.

Beki_Hachoki
Mkuu, kwenye mashindano hilo halitapokelewa. Mtu ameachia mahali penyewe kabisa, yuko huru, mechi imebaki sekunde mbili, halafu bahati nasibu inamnyima? Mrushaji akiwa huru, kijani kiingie. Pa kurekebisha ni kwenye ulinzi: beki akifika, dirisha lipungue kwa fremu, na mrushaji akibanwa kabisa kijani kisiwepo. Hapo beki anapata haki yake pia, maana anayesahaulika kila siku kwenye mjadala huu ni yeye.

Kwa mrushaji, usifuate mita. Macho yakiwa kwenye mita hayauoni mkono. Gemu ya NBA 2K23 ilikuruhusu kuchagua alama ya kufuata kwenye mwili wa mchezaji: kuruka, mpira kufika juu, kusukuma, au kuachia. Ya mapema inafaa mtandaoni kwenye kuchelewa kwingi. Kisha chagua mtindo wa kurusha wenye kituo kinachoonekana pale mpira unapofika juu, na usiubadilishe kila wiki.

Fremu60
Beki, la dirisha kupungua nakuunga mkono. La kijani cha uhakika lina shimo: kuna vifaa vinavyochomekwa kati ya padi na konsoli, vinaachia kitufe kwa milisekunde ileile kila mara. Ukimpa uhakika wa asilimia 100 anayegonga fremu sahihi, zawadi kubwa kuliko zote umeipa mashine. Mpango wa Asilimia_Kwanza unaibana mashine kwenye 55.

Kona_ya_Tatu
Nimewaelewa. Na kama kuyumba kunatokea upande wa seva, ambako mchezaji hana la kufanya?

Fremu60
Hapo ni kazi ya mtengenezaji. Seva isipime muda kwa saa ya ujumbe kufika. Konsoli ya mrushaji ipime yenyewe muda kati ya mwanzo wa mtupo na kuachia kitufe, itume namba hiyo, na seva iilinganishe na muda wa kufika. Namba ikipishana mno na hali ya laini, ikataliwe, kwa sababu ukiiamini konsoli bila kukagua, wadanganyifu watatuma namba wanayoitaka. Dalili ya kujua gemu yako haifanyi hivyo: laini ikisuasua, majibu ya "umewahi" na "umechelewa" yanapishana ovyo huku kidole kikiachia palepale.