Saa iliyovaliwa mwezini: mali ya mwanaanga au mali ya umma?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kila saa ya mwanaanga inapopigwa mnada swali hili huibuka, watu wanashangaa bei, kisha linazikwa. Leo tulijadili kwa kina.

Oktoba 2015, jijini Boston, saa ya mkono ya David Scott, kamanda wa safari ya mwezini ya Apollo 15, iliuzwa kwa dola 1,625,000. Mnunuzi hakutajwa jina. Ilielezwa tu kwamba ni mfanyabiashara wa Florida. Saa yenyewe ni Bulova, na utata unaanzia hapo. Wanaanga wa Apollo walikuwa wanapewa na NASA saa ya Omega Speedmaster, iliyoidhinishwa Machi 1965 baada ya kuchomwa kwa joto la nyuzi 93, kugandishwa, kugongwa, kutikiswa na kuwekwa mahali pasipo na hewa. Rolex na Longines-Wittnauer zilifeli majaribio hayo hayo. Omega hizo zilikuwa mali ya serikali, kama ilivyo bunduki kwa askari.

Sasa, Agosti 1, 1971, Scott anamaliza matembezi yake ya pili mwezini, anaingia ndani ya chombo, anakuta kioo cha Omega yake kimebanduka. Kesho yake kuna matembezi ya tatu. Anachukua Bulova aliyokuwa amepewa na watengenezaji wake aifanyie majaribio, ambayo haikuwemo kwenye orodha rasmi ya vifaa, anaifunga kwa mkanda wa velkro juu ya mkono wa suti, anatoka. Haikuwa pambo ile. Hewa ya kupumua na maji ya kupoza mwili alivyobeba mgongoni vina muda wake, na akiendesha kigari kwenda kilomita kadhaa kutoka kwenye chombo lazima ajue dakika zilizobaki.

Msimamo wangu ni kwamba saa ile ilipaswa kuwa makumbusho. Ondoa mwezi kwenye historia yake, nani atatoa milioni? Na safari ya mwezini ililipiwa na walipa kodi wa Marekani, siyo na kampuni ya saa wala na Scott. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mbona sheria hukuigusa? Mwaka 2011 Jim Lovell wa Apollo 13 aliuza daftari lake la maelekezo ya safari kwa zaidi ya dola 388,000, NASA ikahoji kama lilikuwa lake kweli. Bunge la Marekani likatunga sheria, Rais Obama akaisaini Septemba 2012: vitu vya matumizi binafsi na vya kutupwa walivyobaki navyo wanaanga wa miradi ya mwanzo ya NASA, yaani Mercury, Gemini na Apollo, hadi safari ya pamoja na Warusi mwaka 1975, ni mali yao. Mawe ya mwezi tu ndiyo hayaguswi. Scott aliuza kihalali.

Halafu tuwatendee haki hawa wazee. Walikuwa wanajeshi na watumishi wa serikali, mishahara ya kawaida kabisa. Wale watatu wa Apollo 11, kabla ya kuruka, walisaini bahasha nyingi za stempu wakaziacha nyumbani, ili wasiporudi wake zao waziuze wapate cha kulelea watoto. Mtu aliyeishi hivyo, leo ni mzee, unamwambia saa iliyo mkononi mwake si yake?

MLETA MADA

Ndugu, sijasema Scott alivunja sheria. Ninahoji sheria yenyewe. Mwaka huo huo wa 2011 serikali ilimshtaki Edgar Mitchell wa Apollo 14 kwa sababu alitaka kuuza kamera aliyoing'oa kwenye chombo cha kutua, akakubali kuitoa iende makumbusho. Mwaka mmoja baadaye, kitu kama kile kikawa halali kukiuza. Kamera haikubadilika, walichobadilisha ni kura. Kilichopitishwa kwa kura kinajadilika.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka, unaiamini sana serikali. Saa ya kwanza kuvaliwa mwezini iko wapi? Julai 1969 Neil Armstrong wa Apollo 11 aliiacha Omega yake ndani ya chombo kwa sababu saa ya chombo ilikuwa imeharibika, kwa hiyo iliyotoka nje ilikuwa ya mwenzake Buzz Aldrin. Baadaye ikatumwa kwenda makumbusho ya Smithsonian, ikapotea njiani. Mpaka leo haijapatikana. Hiyo ndiyo saa muhimu kuliko zote, na ilikuwa mikononi mwa umma huo huo unaoutetea. Ya Scott iliyokaa kwake miaka zaidi ya 40 ilifika mnadani salama.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba niongeze ya mwanaanga William Pogue, maana hamumtaji. Huyu alinunua Seiko ya rangi ya njano kwenye duka la kambi ya jeshi mwaka 1972, akaizoea mazoezini, akahesabia nayo muda wa kuwasha injini. Wakati wa kuruka kwenda Skylab, kituo cha angani cha Marekani, ulipofika, akaitia mfukoni kimyakimya bila kibali. Saa ile inajivuta yenyewe kwa mtikiso wa mkono, na wengine walidhani pasipo uzito itasimama. Haikusimama, siku 84 zote. Mwaka 2008 aliitoa iuzwe kwa faida ya mfuko wa kusomesha wanafunzi wa sayansi, ikapata chini ya dola 6,000. Hapo nani kaibiwa? Kanunua kwa hela yake, na fedha zimeenda shuleni. Pogue na Scott msiwaweke kapu moja.

Na siku hizi kuna safari za kulipiwa na matajiri, kama ile ya Inspiration4 mwaka 2021, ambayo saa zake zilipigwa mnada kuchangia hospitali ya watoto ya St. Jude. Huko umma hauna cha kudai.

MLETA MADA

Wa tatu, nakubaliana nawe kuhusu safari binafsi, na kuhusu Pogue sina ugomvi. Aliyetoa mauzo yote kwa wanafunzi ameshaurudishia umma.

Dada wa pili, hoja ya Aldrin ni nzito, haifai kukwepwa. Lakini itazame vizuri. Saa ya Aldrin haijulikani iko wapi. Ya Scott nayo, tangu siku ya mnada, mimi na wewe hatujui iko wapi. Anayejua ni mnunuzi. Uzembe wa usafirishaji unatibiwa kwa usajili, bima na mtu wa kuwajibishwa. Kabati la tajiri halina anayeliwajibisha.

Simnyang'anyi Scott senti yake. Ninachotaka ni kifungu kimoja kwenye ile sheria: mwanaanga akitaka kuuza kitu kilichovaliwa kwenye safari ya serikali, makumbusho ya taifa yapewe nafasi ya kwanza kukinunua kwa bei ya soko, ndani ya miezi kadhaa, na yakishindwa auze anakotaka. Anayepinga hilo aniambie mwanaanga anapoteza nini.