Naomba ushauri: Stelvio au Transfăgărășan?

Ndugu wapenzi wa magari, naomba ushauri kwa waliofuatilia kipindi cha Top Gear cha Uingereza, hasa safari zile mbili za magari ya kifahari ambazo mashabiki hawajamaliza kuzibishania hadi leo. Mwaka 2007 watangazaji wa kipindi hicho, Clarkson, Hammond na May, waliitangaza barabara ya milimani ya Stelvio, Italia, kuwa bora kuliko zote kwa dereva. Mwaka 2009 wakaenda Romania na Aston Martin, Ferrari na Lamborghini, na Clarkson alipoifikia barabara ya milimani ya Transfăgărășan akatamka kwamba hiyo inaishinda Stelvio.

Nakusudia kupita mojawapo kwa gari la kawaida la kukodi, lakini maoni ya mashabiki yamenichanganya. Wapo wasioambilika kuhusu Stelvio, yenye kona kali 48 upande mmoja na kilele cha mita 2,757, ilhali wengine hujibu kwamba kona zenyewe zimebana mno, kiasi kwamba dereva hukanyaga breki, huzungusha usukani hadi mwisho, hujikongoja kwa gia ya kwanza, kisha hukutana uso kwa uso na basi la watalii. Hoja hiyo naiona nzito, kwani picha za kutoka angani hazionyeshi foleni. Zote mbili hufungwa kwa theluji.

Je, kwa gari lisilo na nguvu nyingi, ipi ina raha zaidi, na niende mwezi gani? Waliovutwa huko na kipindi hicho wanieleze pia kama walikuta kile walichokiona kwenye televisheni.